Tumbo la Manowari

Jumatatu asubuhi, baada ya kunywa chai na kuosha kikombe, Zoubeda alikaa barazani kwake Badjanani, mtaa wa kale wa Moroni, akatoboa matundu thelathini na mawili kwenye kofia ya bwana harusi mmoja wa Vouvouni. Alikuwa anaanza la thelathini na tatu pale gari la kijeshi liliposimama mwanzo wa kichochoro, kwa kuwa vichochoro vya huko havipitishi hata mkokoteni, na Luteni Vasseur akaja kwa miguu amekumbatia boksi refu kifuani. Waliokuwa wakipiga soga vizingitini waliingia ndani. Hawakukimbia. Waliingia tu, kama watu waliokumbuka kitu jikoni.

Luteni alikuwa mmoja wa wale wazungu wa kukodiwa waliotua ufukweni mwaka sabini na nane, wakamwondoa mkubwa mmoja wakamweka mwingine, kisha wakasahau kuondoka. Huu ulikuwa mwaka wao wa saba. Ukitaka ukweli, wao ndio waliokuwa saa ya mji: wakitoka wao watu wanaingia, wakiingia wao watu wanatoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Viwili aliviacha Kongo, akaondoka huko na Kiswahili chao, na alikisema bila haya yoyote. Zoubeda naye alikuwa na Kiswahili cha wafanyabiashara tangu utotoni kwao Mahajanga, huko Madagaska, basi walielewana bila mkalimani.

"Jambo, mama. Niko na kazi. Kazi ya vidole."

"Karibu, Luteni."

Alivua viatu mlangoni. Vilikuwa vya kamba ndefu, ikachukua muda, na Zoubeda alimngoja na sindano mkononi. Adabu alikuwa nayo, tumpe haki yake. Akaingia, akaketi mkekani, akafungua boksi. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu, mamia, vimeshikana kwenye fito zake kama ndizi kwenye mkungu, kila kipande na namba yake. Mlikuwa na mrija wa gundi na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara sita. Picha ya juu ya boksi ilionyesha manowari ya kubeba ndege, mgongo bapa kama meza, juu ya bahari ya buluu iliyozidi.

"Tangu mtoto niliitaka," Luteni alisema. "Baba alikataa kuninunulia. Sasa nimeipata, na vidole hamna." Akauinua ule mkono. "Wanasema Moroni yote hakuna vidole kama vyako."

"Mimi ni mtu wa kofia. Meli sijapata kutengeneza."

"Kofia, meli, yote ni subira." Alikunja kifuniko cha boksi vizuri, akakiweka pembeni. "Uko na ndugu kule kambini, si vile? Chanfi."

"Ndiyo."

"Nitakuja Ijumaa ya juma lijalo. Nikikuta imekwisha, na imefungwa vizuri, bila tundu hata moja, siku hiyo ndugu yako atalala hapa. Neno langu."

"Na ikiwa haijakwisha?"

"Sasa kwa nini isiishe, mama?" Luteni aliuliza kwa upole, akaanza kuvaa viatu vyake.

Chanfi alikuwa mdogo wake, na ndiye aliyekuwa jamaa yake wa pekee. Baada ya yale mauaji ya Wakomoro kule Mahajanga, ndege ilipowaleta walionusurika mwaka sabini na saba, walioshuka ngazini katika nyumba yao walikuwa wawili tu, Zoubeda na Chanfi, na sufuria moja. Baba, mama na mume wa Zoubeda walibaki kule chini ya udongo. Nyumba ya Badjanani aliachiwa na mama yake mdogo, maana kisiwani Ngazidja nyumba ni ya mwanamke, na humo ndani alimlea Chanfi mpaka akawa fundi redio mwenye meza yake sokoni Volo Volo. Mwezi wa tatu, redio moja aliyoitengeneza ilisikika ikisoma habari za Paris kuhusu kambi. Redio iliachiwa. Chanfi akachukuliwa. Tangu hapo kila Ijumaa Zoubeda alipeleka chakula langoni, na askari alipokea chakula na kikapu pia.

Basi hakuwa na la kufikiria sana. Aliiweka kofia ya bwana harusi kabatini, akaikunjua karatasi ya maelekezo.

Hapa ndipo alipokosea, na kosa lenyewe angelifanya mwanamke yeyote wa rika lake pale mjini. Zoubeda alisoma chuoni kwa mwalimu, si kwenye shule ya Wafaransa. Herufi zake zilikuwa za Kiarabu, na jicho lake lilianzia kulia bila kuulizwa. Karatasi ilikuwa na picha kumi na nne zimepangwa mstari mmoja, na ya kulia kabisa ilikuwa ya kumi na nne. Aliona hesabu inashuka mpaka moja, akaridhika. Siku za eda nazo huhesabiwa hivyo, zikipungua.

Kwa hiyo alianza na mwisho. Jumatatu na Jumanne aliunga ndege, ishirini na nne, kila moja kama punje ya mpunga, akazipanga kwenye sinia na kuzifunika kwa kawa zisiingie vumbi. Jumatano aliunganisha ule mnara wa kando wenye milingoti na vijiko vya rada. Kazi ilimkubali. Kipande kilichomshinda kwa kidole alikishika kwa kibano, kilichomshinda kwa kibano alikiinua kwa ncha ya sindano aliyoilamba. Alizigandisha ndege sitahani, akagandisha mnara, akaupindua mgongo wote juu ya mto wa sufi ili asivunje kitu, na Alhamisi, baada ya alasiri, akaziunga mbavu mbili za meli kwenye sitaha hiyo. Kilichobaki ni kitako, kipande kirefu kama jani la mgomba lililokauka. Kwa mtu aliyeanzia kushoto, tumbo lingefungwa siku ya kwanza. Kwake lilibaki wazi, linatazama dari.

Alikuwa anangoja gundi ikauke aliposikia kikohozi.

Alivaa miwani. Ndani ya tumbo la manowari, juu ya sakafu ambayo kwa kweli ilikuwa dari, walikaa wanaume kumi na mmoja, kila mmoja kama punje ya bizari nyembamba. Harufu ya miguu na ya ndoo ya choo ilipanda. Wa nne kutoka mwisho alikuwa amekaa ameinua bega moja, na bega hilo Zoubeda alilijua tangu lilipokuwa linabebwa mgongoni kwake.

"Chanfi," alisema, "umekula?"

"Jana," sauti ndogo ilijibu.

Alikwenda jikoni akapika wali wa nazi. Punje moja ilitosha watu wanne, ila ilibidi aikate kwa wembe. Aliishusha vipande vipande kwa ncha ya sindano, na maji akayateremsha kwa uzi uliolowa, na walinyonya mmoja mmoja bila kusukumana. Zoubeda alilia kidogo, lakini pembeni, chozi lisije likawaangukia.

Jirani yake Rahmati aliingia kuazima chekecheke akamkuta ameinama. Aliuliza anachungulia nini, akapewa miwani, akachungulia naye.

"Huyu wa kwanza ni Tadjidine wangu," alisema. "Tazama, bado anakaa karibu na mlango, hata pasipo na mlango." Akairudisha miwani. "Anapenda mataba. Majani ya muhogo niliyatwanga asubuhi, yameiva na nazi tangu mchana. Ngoja nikalete."

Habari ya namna hiyo haikai ndani ya nyumba moja. Ijumaa walikuja wanawake watatu, Jumamosi sita, Jumapili wakawa tisa. Waliingia kwa heshima zao: wanavua kandambili, wanasema "kwezi" kwa aliye mkubwa, wanakaa kwa mstari ukutani kila mmoja na sahani yake iliyofunikwa, wanangoja zamu. Kila mwanamke alikuwa na mtu wake mle. Koko Djouhara, bibi kizee ambaye mji mzima ulimwita koko, alikuwa na mwanawe Salimou, karani wa posta, na alimletea kipande cha samaki chenye ukubwa wa chembe ya chumvi, kilichotolewa miiba.

"Salimou! Umenyoa ndevu?" alimfokea kutoka juu.

"Wamenyoa wao, mama."

"Hujapendeza."

Wakacheka, juu na chini. Wanawake walileta majani ya dawa yaliyosagwa, wakaleta mashati yaliyoshonwa kwa uzi mmoja, wakasoma dua. Mtu akitaka kusema na mumewe maneno ya faragha, wengine waligeuza nyuso ukutani na kukohoa kwa sauti. Kwa siku zile tatu nyumba ya Zoubeda ilikuwa na furaha kuliko nyumba ya harusi, na hilo lilimtia hofu zaidi kuliko gari la jeshi.

Jumapili hiyohiyo walijaribu kuwatoa. Zoubeda aliteremsha uzi wa hariri wenye fundo, Chanfi akaushika, na dada yake akavuta taratibu. Vidole vyake vilipovuka ukingo viligeuka kijivu, kisha viganja, na vikawa vigumu. Chanfi alipiga kelele. Zoubeda alimrudisha chini upesi, na chini rangi ilimrudia kiganja kwa kiganja. Hakuna aliyeomba kujaribu tena.

Jumatatu aliingia mgeni amevaa shiromani jekundu, na shiromani ni vazi la wanawake wa kisiwa cha Nzuani, hivyo kila mtu alijua ametoka ng'ambo kabla hajasalimia. Jina lake Zaitoun, wa Mutsamudu. Mumewe Moinaidi alikuwa kuli bandarini huko. Mwaka jana alikataa kupakua makasha ya kambi yasiyokuwa na maandishi, akaletwa Moroni ili aulizwe sababu. Zaitoun alikuwa amesafiri na boti ya mizigo na bakuli la halua mapajani. Mjini kwao alisikia kwa nahodha kwamba Badjanani kuna mahali ambapo mtu anaweza kumwona mumewe.

Walimpa zamu ya kwanza, kwa ugeni wake. Aliangalia muda mrefu. Katika wale kumi na mmoja mmoja alikuwa amelala upande wa nyuma, amenyooka, na wenzake walikuwa wamemfunika uso kwa shati.

"Amelala," Zoubeda alimwambia. "Tangu Alhamisi hajaamka kwa sababu amechoka."

"Hapana, dada," Zaitoun alisema. "Moinaidi hulala kwa ubavu."

Aliomba apewe mtu wake. Zoubeda alimtoa kwa kibano, na Moinaidi alipovuka ukingo akawa plastiki ya kijivu, baridi, na kisiginoni alikuwa na kikonyo kilichobaki pale alipokatwa kwenye ufito. Zoubeda alikikwangua kwa wembe mpaka pakawa laini, ili kisimchome mkewe mkononi. Walimlaza kwenye kiberiti kitupu juu ya pamba. Halua waligawiwa walio hai.

Yaliyofuata Mutsamudu Zoubeda aliyapata kwa nahodha. Walimwosha Moinaidi kwa maji ya kijiko, wakamkafini kwa kitambaa cha kofia ambacho Zoubeda alikuwa amempa mjane. Imamu aliulizwa kama inafaa, akasema sala ya jeneza haina kipimo. Makuli waliacha kazi gatini wakabeba jeneza kupandisha hadi chini ya ngome, na ingawa halikuwa na uzito walipokezana mabega njia nzima. Waliochimba kaburi walichimba la mtu mzima, kwa kuwa Moinaidi alikuwa mtu mrefu.

Jumatano Luteni alipita kuangalia kazi. Alivua viatu, akawasalimia wanawake waliokaa ukutani, akainama juu ya mto wa sufi.

"Ndege nzuri. Mnara mzuri sana." Akachungulia tumboni. "Naam. Hao ni wetu."

"Nawapa chakula," Zoubeda alisema.

"Si mbaya." Alihesabu kwa midomo. "Kumi. Walikuwa kumi na mmoja."

"Mmoja amekwenda kwao Mutsamudu."

"Basi itanibidi kurekebisha karatasi," Luteni alisema, na alionekana kuchoshwa na jambo hilo. Aligonga kile kitako cha kijivu kilichoegemezwa kwenye kabati. "Ndiyo maana nasema ifungwe, mama. Meli yenye tumbo wazi haikai majini. Ijumaa."

Alipoondoka, wanawake hawakufunua sahani. Rahmati, ambaye kwa miaka minane alikuwa akiazima na kuazimwa katika nyumba ile, ndiye aliyesema.

"Dada Zoubeda, usiifunge."

"Na Chanfi?"

Koko Djouhara alisema taratibu kwamba Chanfi ni kijana mwema, na kwamba kila aliye mle ni mwema. Rahmati akasema labda Luteni anaweza kuombwa, labda atakubali ibaki wazi. Alisema hivyo akiangalia mkeka, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuamini. Zoubeda alijua mambo mawili. Akiifunga, wale tisa wataingia gizani, na hakuna sindano itakayowafikia. Asipoifunga, Luteni atampata mwingine wa kuifunga, au ataikanyaga tu kwa kiatu, na Chanfi atakuwa humo. Alijua pia jambo la tatu, na hilo hakulisema: hata kama Luteni asingempata mwingine yeyote, hata kama meli ingeweza kukaa wazi hivyo maisha yote, yeye angeifunga. Alimtaka ndugu yake. Aliona aibu, na aibu ile haikumpunguzia kitu.

Alhamisi, nyumba ilipokuwa tupu, Chanfi alimwita. Alisimama katikati ya wenzake, mikono kinywani.

"Dada! Usifunge!"

Zoubeda alikuwa na masikio mazuri, aliweza kusikia uzi ukikatika. Aliinama karibu.

"Sauti yako ndogo, mdogo wangu," alisema. "Sikusikii."

"Usifunge! Nitakaa na wenzangu!"

"Hata hapo sikusikii," Zoubeda alisema, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Luteni alifika. Wanawake wote walikuwepo, sahani mapajani. Zoubeda hakumkaribisha chai.

"Ndugu yangu kwanza."

"Yuko garini," Luteni alisema. "Mimi ni mtu wa neno."

Zoubeda alitazama tumboni. Walikuwa tisa. Mahali pa Chanfi palikuwa pamebaki gunia lenye kishimo cha makalio, na Salimou alikuwa anasogea kukaa hapo kwa kuwa palikuwa pakavu. Alipoinua kichwa, Chanfi alikuwa anakuja kichochoroni, mzima wa kimo chake, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, anafumba macho kwa sababu ya jua. Aliingia akakaa kizingitini. Alinuka miguu na ndoo. Zoubeda alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamshika masikio, akamshika lile bega, akasema "Alhamdulillahi" mara nyingi kuliko zinazohesabika.

"Sasa, mama," Luteni alisema.

Alichukua mrija wa gundi. Rahmati aliweka sahani chini, akasogea, akapiga magoti kwenye ukingo wa manowari, na Luteni alimwachia kwa sababu, kama nilivyosema, adabu alikuwa nayo. Rahmati alimwambia Tadjidine kwamba mtoto ameota meno mawili ya chini. Kisha akarudi ukutani. Koko Djouhara alikuwa hasikii vizuri, na alikuwa bado anafunua samaki wake akidhani zamu zinaendelea, mpaka mwenziwe alipomgusa goti.

Zoubeda alipaka gundi ukingoni, mstari mwembamba usiokatika. Mkono haukumtetemeka, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Aliteremsha kitako. Kabla mwanga haujakatika aliwaona tisa wamesimama, wamenyanyua nyuso. Akakandamiza, akahesabu hadi mia kama alivyokadiria picha inataka.

"Shikeni," aliwaambia kupitia plastiki, akaigeuza meli ikasimama wima.

Ilisikika sauti ndani, kama mchele ndani ya kopo. Kisha ikatulia.

Luteni alipitisha ukucha kwenye kiungo, kutoka omo hadi tezi. Haukukwama popote. "Safi," alisema. "Safi kabisa." Alivaa viatu, kamba zote, akaibeba manowari kifuani pamoja na ndege zake ishirini na nne, na wale wa vizingitini waliingia ndani mpaka alipopita.

Zoubeda aliwatazama wanawake wale tisa, akangoja. Alitamani wamtukane. Kama mmoja angemtemea mate, yeye angekuwa na kitu cha kufuta. Wenyewe walikaa tu na vyakula vyao vinapoa. Mwishowe Rahmati alinyanyuka, akakivuka chumba, akaweka sahani ya mataba mbele ya Chanfi.

"Hili ni fungu la Tadjidine," alisema. "Kula wewe."

Koko Djouhara akaleta la Salimou. Wakaja wengine. Sahani tisa zilipangwa mbele ya Chanfi, ambaye alikuwa amekonda mpaka saa yake ya mkononi ilimpanda kiwikoni, na kule Ngazidja chakula kilichofikishwa mbele ya mtu hakirudi kilikotoka. Alikula mbele yao. Alikula zote tisa, akitoka jasho, na wanawake walimwangalia mpaka sahani ya mwisho. Alipomaliza mataba alilamba kidole, akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza nyumba ya pili.

"Anasema chumvi imezidi," alimwambia Rahmati.

"Kesho nitapunguza," Rahmati alisema, akachukua sahani yake.

Kesho yake walikuja tena, na kesho kutwa. Muda wao ulikuwa baada ya alasiri. Walivua kandambili, wakasalimiana, wakakaa kwa mstari, na Chanfi akakaa mbele yao na kula. Wa tatu alitaka pilipili. Wa sita aliomba uji, ana vidonda vya mdomo. Tadjidine aliuliza kama mtoto ameota meno ya juu. Chanfi hakurudi kwenye meza yake ya redio Volo Volo, hakuwa na nafasi. Alinenepa. Mashati yalimshinda, Zoubeda akamshonea mengine, na yakamshinda hayo pia, na hata kizingitini alianza kupita kwa ubavu. Lakini kila jioni, wanawake wakishaondoka, alimwambia dada yake kwamba ana njaa. Yeye mwenyewe, alisema, hajala. Zoubeda alimpikia fungu la kumi. Hawakuzungumzia ile Alhamisi. Mara moja tu, akitafuna, Chanfi alimuuliza kama siku hizi masikio yake yamepona, na Zoubeda akasema yamepona, akainuka kwenda kutazama moto.

Waliokwenda kambini kuweka sahihi walisema manowari iko juu ya meza ya Luteni, karibu na dirisha, na kwamba huipangusa mwenyewe kwa brashi ya kunyolea. Mwezi wa Mfunguo Tatu alituma askari kumsalimu Zoubeda na kumuulizia hali.

Siku moja ya Jumanne, mvua ilikuwa imenyesha mchana na vichochoro vilikuwa vinateleza, Chanfi alikula la Tadjidine, akala la pili na la tatu. Alipofika kwenye sahani ya Koko Djouhara alimega tonge, akalifikisha mdomoni, akalirudisha. Alingoja kidogo, kichwa upande. Kisha akaisogeza sahani pembeni kwa vidole viwili.

"Koko," alisema, "hili leo hapana."

Koko Djouhara aliiangalia ile sahani. Samaki alikuwa ametolewa miiba yote.

"Labda kesho?" aliuliza.

Chanfi alitikisa kichwa.

Bibi kizee aliifunika sahani kwa kawa. Zoubeda aliinuka kumsaidia, lakini Koko Djouhara alisema anaweza, akavaa kandambili zake, akatoka akishika ukuta, akawauliza walioko nje ni wapi atapata kitambaa cheupe saa hizi. Chumbani Rahmati alisogea kidogo mkekani, na aliyefuata akasogea, na aliyefuata, mpaka pale alipokuwa amekaa koko pakajaa. Chanfi akaivuta sahani ya tano.